Simu Zisizo Kamili

Kwa miaka kumi na saba, mtu yeyote wa mji ule aliyezidiwa nyumbani au kugongwa barabarani, jamaa zake walipopiga namba ya dharura, sauti ya kwanza kuwapokea ilikuwa ya Mama Redio. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye karatasi za mshahara tu. Madereva wa magari ya wagonjwa ndio waliombandika hilo jingine, na walisema lina sababu mbili: kwanza aliwaongoza kwa redio, pili ukishamwasha hazimiki.

Magari yenyewe yalikuwa matatu. La Kwanza lilikaa hospitali kuu, la Tatu lilikaa upande wa viwandani, na la Pili lilikaa sokoni, chini ya mlima. Huko mlimani waliishi watu wapatao elfu ishirini, nyumba zimepandana kama vyombo kabatini, na katikati yake hakuna barabara ila ngazi na vichochoro. Dereva wa Gari la Pili alikuwa mtu wa makamo ambaye wenzake walimwita Kobe kwa utani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpita barabarani.

Asije mtu akadhani Mama Redio alikuwa adui wa hesabu. Miaka miwili kabla ya mambo haya, idara iliajiri mtafiti, binti wa miaka kama thelathini ambaye hakuweza kumaliza sentensi mbili bila kutaja asilimia, na madereva wakamwita hivyo hivyo, Asilimia. Katika ripoti yake ya kwanza binti huyo alisema ajali mbaya hazitokei Ijumaa jioni kama kila mtu alivyoamini, zinatokea Jumatatu asubuhi. Mama Redio alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akabeba madaftari ya zamu ya miezi minne, akaenda nayo nyumbani, akahesabu mwenyewe kwa penseli. Ilikuwa Jumatatu. Kesho yake alibadilisha zamu za madereva bila kungoja barua ya mtu, akamwambia binti kwamba amemuumbua, lakini amemuumbua vizuri. Tangu siku ile walikunywa chai pamoja.

Ripoti ya pili ndiyo iliyovuruga chai hiyo.

Waliitwa wote ukumbini, madereva, wauguzi wa magari na wapokea simu. Mkurugenzi alikuwa na miezi tisa tu kazini, mtu nadhifu aliyependa kusema kwamba sasa idara itaongozwa kwa ushahidi. Alimpa nafasi Asilimia, naye akaonyesha ukutani ramani yenye madoa mekundu. Kwa mwaka mzima zilipokelewa simu elfu sita na mia mbili na ushei. Mitaa mipya ya kuzunguka uwanja wa mpira ilikuwa na simu mia tisa na kumi na nne. Mlimani zilikuwa thelathini na moja. Kwa hiyo Gari la Pili lingehamishwa kutoka sokoni kwenda uwanjani kuanzia Jumatatu, na mwezi ujao wageni wangealikwa kuzindua mpango.

Mama Redio alinyoosha mkono. Akauliza mlimani wanaishi watu wangapi, akajibiwa elfu ishirini. Akauliza basi wanakunywa dawa gani huko ambayo sisi huku chini haijatufikia, maana watu elfu ishirini kuzidiwa mara thelathini na moja tu kwa mwaka ni muujiza. Ukumbi ukacheka. Mkurugenzi hakucheka.

"Mama, tunauheshimu uzoefu wako," alisema. "Lakini hisia si ushahidi."

"Na ramani si mlima, bosi. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake."

Baada ya kikao Asilimia alimfuata kwenye korido. Hakuwa amekasirika, alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa swali na kukosa jibu. Alimwambia kwamba kama kuna kunguni anaomba aonyeshwe, atawahesabu mmoja mmoja. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini na kwa adabu zote, "Ila mama, anayekilalia kitanda naye huzoea kuumwa. Mwisho hawaoni tena." Neno hilo lilimchoma Mama Redio, akaenda zake bila kuaga.

Jumatatu, saa moja asubuhi, barua ya kulihamisha gari ilikuwa mezani. Kazi yake ilikuwa kuisoma kwenye redio ili madereva wote wasikie. Aliisoma kimya mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe.

"Gari la Pili, hapa kituoni. Baki sokoni."

Kobe akajibu. "Kituo, nimesikia kuna barua."

"Ipo. Iko mbele yangu. Baki sokoni."

Jumanne akasema vile vile. Wenzake waliona, wakanyamaza. Yeye alikuwa anajua anachokijua. Dada yake mkubwa alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati ya mlimani, na kwa miaka alikuwa akimsikia akisimulia wagonjwa waliofikishwa pale wakining'inia kwenye migongo ya watu. Kwamba huko hakuna shida, hilo asingelikubali kwa grafu wala kwa kiapo. Na ukitaka kusema kweli, alifurahia pia kumkatalia yule bwana nadhifu.

Jumatano saa nne asubuhi iliingia simu kutoka mitaa ya uwanjani. Mwanamke alikuwa akilia kwamba mumewe amebanwa na pumu, dawa ya kuvuta imemwishia, midomo inageuka rangi. Gari la Kwanza lilikuwa limebeba mama mjamzito. La Tatu lilikuwa mbali kabisa. Mama Redio akalituma la Pili. Kobe alijitahidi, lakini siku ya mnada soko hufunga barabara kwa matenga na mikokoteni, na hata king'ora hakitawanyi matenga. Mama Redio hakumwacha yule mwanamke kwenye simu hata sekunde moja. Alimwelekeza amketishe mumewe wima, afungue madirisha, amlegeze nguo kifuani. Gari lilifika baada ya dakika ishirini na sita. Kama lingekuwa limeegeshwa uwanjani kama barua ilivyoagiza, lingetumia dakika nne.

Mgonjwa alipona, ila madaktari walisema aliponea chupuchupu.

Mkurugenzi hakupaza sauti. Alimpokonya zamu za redio, akampa ufunguo wa stoo ya vifaa, akamwambia atasubiri huko barua ya onyo. Siku ile ile Gari la Pili likahamia uwanjani. Mama Redio alichukua ufunguo. Jioni ile, badala ya kurudi nyumbani, alikwenda wodini. Alimkuta yule bwana amelala na kinyago cha hewa usoni, na mkewe ameketi kwenye stuli. Akajitambulisha. Akaeleza kwamba sauti ile kwenye simu ilikuwa yake, na kwamba yeye huyo huyo ndiye aliyelizuia gari lisihamie mtaani kwao. Akaanza kueleza sababu.

Yule mwanamke alimkatiza. "Sababu zako kaa nazo. Zile dakika ishirini na sita nilikuwa nazihesabu mimi."

Mama Redio alirudi nyumbani kwa miguu. Bado aliamini kwamba mlimani watu wanateseka. Lakini njia nzima aliona vizuri kwamba alikuwa ameamini tu. Alikuwa ameweka pumzi za mtu rehani kwa jambo alilolijua bila kuwa na hata karatasi moja ya kulionyesha. Mtu mwingine angeomba radhi, akakaa stoo akisubiri kustaafu. Yeye hasira ilimpanda, na safari hii nusu ya hasira hiyo ilimgeukia mwenyewe. Akaapa kwamba kama amekosea atakwenda kusema amekosea mbele ya ukumbi ule ule, na kama amepatia, yule bwana nadhifu hatakuwa na pa kutazama.

Jumamosi alipanda mlima. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu na benchi moja refu lililojaa watu. Dada yake hakuwa mtu wa kukumbatiana saa za kazi. Alimwonyesha kabati kwa kidevu, akamwambia achukue madaftari ya mwaka mzima, akae kule pembeni asimzibie njia.

Kulikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa *Amefikaje*. Mama Redio alipitisha kidole. Mgongoni. Toroli. Pikipiki. Mkokoteni. Toroli. Mlango. Mgongoni. Mlango.

"Dada, mlango ndio nini?"

"Mlango si mlango? Wanaung'oa kwenye bawaba, wanamlaza mgonjwa juu yake, watu wanne wanabeba."

Alihesabu waliozidiwa kiasi cha kupelekwa hospitali kuu, au waliofika wameshakata roho. Walikuwa mia mbili sitini na watatu. Akarudia hesabu kuanzia nyuma, akapata idadi ile ile. Moyo ukamdunda kwa ushindi. Sasa alikuwa na karatasi. Akamuuliza dada yake kwa nini basi watu hawa hawapigi simu.

Dada yake aliacha kufunga bandeji, akamtazama. "Nani kakwambia hawapigi, mdogo wangu?"

Akamwita mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye benchi, mfua nguo mwenye mikono iliyosinyaa kwa maji. Alikuwa amekuja kumchomesha mwanawe sindano. Akaombwa asimulie habari ya mama yake mzazi, naye akasimulia kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mwaka jana mama yake alianguka, upande mmoja ukafa ganzi. Yeye akapiga simu. Akaulizwa barabara gani, namba ya nyumba ngapi. Akajibu kwamba hawana barabara, wana ngazi. Akaambiwa atafute mtu anayejua anwani, kisha apige tena. Alipiga mara tatu. Mwishowe wakang'oa mlango. Mama hakufika.

Mama Redio aliuliza, na alipouliza alijua jibu, kwamba aliyepokea simu alikuwa na sauti gani.

"Sauti nzuri tu. Ya mama mmoja hivi, mtulivu."

"Alikuwa ni mimi," Mama Redio alisema.

Benchi zima liligeuka. Mfua nguo alimwangalia usoni, akamwangalia viatu, ambavyo vilikuwa vimejaa vumbi la ngazi mia na kitu. "Basi leo umeijua njia," alisema, akamchukua mwanawe akaingia ndani kwa sindano.

Ilikuwa hivi. Zamani, kabla ya kompyuta, Mama Redio alimwelekeza dereva kwa alama. Nyuma ya msikiti mdogo, mkono wa kushoto wa kinyozi, panapovuja bomba. Miaka minne nyuma ililetwa kompyuta yenye fomu, na fomu haikukubali kupita bila jina la barabara. Walifundishwa kwa siku mbili kwamba simu isiyo na anwani iandikwe *isiyo kamili*, mpigaji aombwe kupiga tena. Kwa simu mia na zaidi kwa wiki, alifanya alivyofundishwa. Alijua kwamba zipo simu za namna hiyo. Hakujua ni ngapi wala zinakwenda wapi. Yeye aliyejulikana mji mzima kwa ubishi, mahali pa kubisha hasa alikuwa ametii.

Hakupitia nyumbani. Alishuka moja kwa moja hadi kwenye chumba alichopanga Asilimia, akamkuta anaanua nguo kwenye kamba.

"Zile simu zisizo kamili uliziweka wapi?"

Asilimia alisimama na shuka mkononi. "Niliziondoa, mama. Simu isiyo na mahali siwezi kuiweka kwenye ramani."

"Zilikuwa ngapi?"

"Mia sita na arobaini." Akaongeza, "Nilidhani ni watu wanaochezea namba."

Alipokwisha kusema hivyo aliketi kwenye ngazi, shuka magotini. Mama Redio akaketi kando yake, akamweleza habari ya safu ya mwisho kwenye daftari, na ya mfua nguo, bila kujiondoa kwenye hadithi. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa na fungu lake la kutosha. Kisha Asilimia akasema kwamba sauti za simu zote huhifadhiwa. Zingeweza kusikilizwa.

Kwa wiki mbili, kila jioni baada ya kufunga stoo, Mama Redio alikwenda kwenye ofisi ya Asilimia, chumba chembamba chenye feni iliyokohoa. Walivaa vipokea sauti, ramani ikiwa mezani. Binti alibonyeza, mtu akasema: *tuko juu kwa fundi viatu*. Mama Redio akaweka kidole. *Chini ya tangi la maji, nyumba yenye geti la bati*. Akaweka kidole. Kwa Asilimia yalikuwa maneno matupu, kwa Mama Redio yalikuwa mahali.

Lakini Asilimia hakukubali kidole hivi hivi. Alisema kwamba mkurugenzi atawauliza wanajuaje kuwa kidole hicho hakikosei, na atakuwa na haki ya kuuliza. Kwa hiyo akamtega. Alichanganya humo simu ishirini ambazo mahali pake palijulikana, akazikata sehemu ya anwani, asimwambie ni zipi. Mama Redio alipatia kumi na nane. Aliponuna kwa zile mbili, tena moja akadai fomu ndiyo iliyokosea, Asilimia alimwambia kwamba kumi na nane kwa ishirini ni asilimia tisini, na angekuwa na kompyuta yenye akili hiyo asingehitaji ruzuku ya utafiti. Waligombana pia kuhusu simu zenye shaka. Mama Redio alitaka zote zihesabiwe kwa mlima, kwa sababu lafudhi na kelele za nyuma zilimwambia hivyo. Asilimia akakataa katakata. Yenye shaka ilitupwa. Zilizobaki, za mlimani bila shaka yoyote, zilikuwa mia tatu themanini na nane.

Jioni moja walifika kwenye simu ya mfua nguo. Ilikuwa ya tatu kati ya tatu. Mama Redio alijisikia mwenyewe akisema kwa upole mkubwa, "Tafuta mtu anayejua anwani, kisha upige tena." Aliomba irudiwe. Asilimia akarudia. Akaomba tena, na binti akakataa, akazima mashine, akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Ilibaki kujua gari likae wapi. Kulirudisha sokoni na kuwaacha watu wa uwanjani kwenye dakika ishirini na sita, hilo Mama Redio hakulitaka tena hata kwa kusikia. Kobe ndiye aliyetoa dawa. Walipomuuliza alikuna kichwa, akasema kwamba barabara ya nyuma ya tangi la maji ilitiwa lami mwaka jana, na yeye hupita huko akienda kwake. Kutoka pale, mlimani ni karibu, na uwanjani ni dakika nane bila kubanwa na soko. Asilimia akapanda naye garini na saa mkononi, saa za asubuhi, mchana na jioni, safari kumi na mbili. Uwanjani zilikuwa dakika kumi na mbili, si nane. Mlimani, mpaka ngazi za mwanzo, zilikuwa tisa. Kobe alijitetea kwamba saa ya binti inakimbia. Asilimia akaandika kumi na mbili.

Walipoomba kikao, mkurugenzi aliwajibu kwa karatasi ya mistari miwili kwamba ripoti imeshachapwa na wageni wameshaalikwa. Wakamwandikia daktari mkuu wa mji, aliyekuwa juu yake, mwanamke mzee mwenye miwani mizito na maneno machache. Yeye akaitisha kikao, akasema atakaa nusu saa tu.

Ukumbi ulikuwa ule ule. Mkurugenzi alianza kwa kusema kwamba idara haiwezi kuendeshwa kwa masikio ya mtunza stoo. Asilimia akasimama. Alisema ripoti ile ina jina lake, na ndani yake ameacha nje simu mia sita na arobaini bila kuuliza ni za nani, na kwa hiyo kuanzia sasa jina lake halimo. Mkurugenzi akamkumbusha kwamba mkataba wake unaisha baada ya miezi mitatu. Akajibu kwamba tarehe anaikumbuka.

Kisha zamu ikawa ya Mama Redio. Alikuwa amemwomba Asilimia asiwachezee watu sauti ya mfua nguo, kwa kuwa uchungu ule haukuwa wa kwao kuuonyesha. Aliomba ichezwe yake peke yake. Ukumbi mzima ukasikia ile sauti iliyotulia ikimtuma mtu akatafute anwani, na mama yake amelala chini.

"Huyo ni mimi," alisema. "Wanaotaka ushahidi, huo. Wanaotaka uzoefu, na huo pia, umekosea kwa miaka minne. Nimekuja hapa kusema kwamba mimi nilikosea Jumatatu ile nilipolizuia gari bila kuwa na kitu mkononi. Mtu alikaribia kufa. Na nasema tena kwamba kulipeleka uwanjani ni kosa, na leo nina kitu mkononi." Akaweka mezani nakala ya daftari la zahanati, ramani mpya na karatasi ya dakika za Kobe.

Mkurugenzi alisema kwamba hata hivyo, mlima hauna barabara, gari litaishia chini.

"Litaishia kwenye ngazi za mwanzo," alijibu. "Kutoka pale wataleta mlango. Huko juu wanabeba kila siku, bosi. Hawajakuomba ubebe wewe. Wanataka gari liwepo wakifika chini."

Kobe alikohoa. Daktari mkuu alivua miwani, akasoma zile karatasi zote tatu mpaka mwisho, na nusu saa ikapita bila yeye kuinuka. Aliuliza swali moja tu, walijuaje kwamba kidole hakikosei. Asilimia akamweleza zile simu ishirini. Daktari akaitikia kwa kichwa. Akaamua Gari la Pili likae kwenye tangi la maji kwa miezi mitatu ya majaribio, na dakika ziandikwe kila safari. Uzinduzi ukaahirishwa. Mama Redio akarudishiwa zamu zake.

Haikuwa sherehe. Wafanyabiashara wa sokoni, waliokuwa wamezoea kuliona gari mlangoni kwao, walimwita msaliti, na mwuza nyanya wake wa miaka yote alimgeuzia mgongo kwa mwezi mzima. Watu wa uwanjani walilalamika kwamba waliahidiwa dakika nne wakapewa kumi na mbili. Fomu ya kompyuta ilibishaniwa wiki tatu kabla fundi hajakubali kuongeza kisanduku cha kuandika alama ya karibu. Mara ya kwanza gari lilipoitwa mlimani, lilifika kwa dakika tisa na mgonjwa hakupona. Hilo lilimkaa Mama Redio moyoni. Mara ya pili alipona, na ya tatu.

Miezi mitatu ilipokwisha, simu za mlimani zilikuwa zimefika arobaini kwa mwezi, na gari likabaki kwenye tangi. Mkataba wa Asilimia uliongezwa miezi sita tu, kwa shingo upande. Siku alipoletewa mkataba huo, alimfuata Mama Redio na ramani nyingine, ya mitaa ya bondeni. Ilikuwa na madoa mengi mekundu, na Mama Redio aliapa kwamba huko hakuna shida hata kidogo, watu wa bondeni wanapenda kupiga simu tu. Asilimia akamuuliza ana ushahidi gani. Wakabishana hadi chai ikapoa, kisha wakakubaliana kwenda kuona Jumamosi.

Kuhusu zile siku alizokaidi, mkurugenzi alitaka barua ya kuomba radhi. Mama Redio aliandika mbili. Ya kwanza aliipeleka mwenyewe mitaa ya uwanjani, kwa yule mwanamke wa wodini, aliyeipokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Ya pili aliipandisha ngazi mia na kitu, akaisoma kwa sauti, kwa kuwa mfua nguo alikuwa na mikono iliyolowa. Ya mkurugenzi hakuiandika. Akaandikiwa barua ya onyo na kutakiwa aisaini kwamba amekiri kosa la utovu wa nidhamu. Akasema kosa lake ameshalitaja mbele ya ukumbi mzima, na alilitaja kwa jina lake, na halikuitwa utovu wa nidhamu.

Mkurugenzi alimwita ofisini mara mbili, hakwenda. Mara ya tatu alimtumia ujumbe kwa redio. Mama Redio alijibu papo hapo, madereva wote watatu wakisikia, kwamba yuko kwenye simu na mtu aliyeanguka, na barua ingoje.